Fadhila Anayehesabu Watu wa Buyenzi

Fadhila binti Uthmani hakuota hata siku moja kuwa mtu wa kupiga hodi kwenye nyumba za watu na kuuliza wanalala wangapi. Alitaka kuuza dawa. Tangu utotoni alikuwa akisimama mbele ya famasia ya mtaani kwetu, akimwangalia dada mwenye blauzi nyeupe anavyohesabu vidonge kwa ncha ya kisu, akasema moyoni kazi ndiyo hii. Lakini mtihani wa taifa ulipokuja kemia ilimgeuka, na karatasi ya kupangiwa masomo ya chuo ilipotoka, mbele ya jina lake iliandikwa sosiolojia.

Mimi ni fundi wa breki katika garaji ya baba yake, hapa Buyenzi, mwaka wa kumi na nane sasa. Kwa hiyo habari hizi nyingine niliziona kwa macho, na nyingine alinieleza mwenyewe, akiwa amekaa juu ya tairi akingoja baba yake amalize kunawa mikono.

Uthmani aliposikia sosiolojia alifurahi kuliko sisi sote. Katika maisha yake alikuwa amesikia neno moja tu linalofanana na hilo, nalo ni sosiyete, na sosiyete kwa fundi wa Buyenzi ni kampuni yenye pikapu kumi na mbili ambazo zote zinahitaji kubadilishiwa mafuta. Akamwambia kila mteja kwamba bintiye anasomea sosiyete. Hata mwaka wa kwanza haujaisha alituagiza tuhamishe vyuma chakavu vilivyorundikwa nyuma ya garaji, ili magari ya Fadhila yapate pa kusimama. Tukahamisha. Fadhila alijaribu mara mbili kumweleza kwamba anachosoma ni jinsi watu wanavyoishi pamoja. Baba yake akamjibu kwamba jinsi watu wanavyoishi pamoja anaijua, amelelewa nyumba moja na shangazi zake wanne, na hakuhitaji chuo. Ile nafasi ikakaa wazi mpaka kuku wa jirani wakaichukua.

Alipofika mwaka wa tatu, ofisi moja ya utafiti ilikuwa inatafuta vijana wanaojua Kiswahili na Kirundi, wafanye anketi ya makazi Buyenzi na Bwiza. Anketi ni kuzunguka nyumba kwa nyumba na fishi mkononi, ile karatasi ya maswali, ukiandika majibu ya watu. Fadhila alijiandikisha kwa sababu likizo ilikuwa ndefu na mama yake alikuwa ameanza kumtajia majina ya vijana wenye tabia nzuri.

Msimamizi wao aliitwa Marcellin, mtu wa Nyakabiga, mrefu, mpole, mwenye kalamu nyekundu mfukoni na imani moja tu: kwamba hakuna jambo chini ya jua lisiloweza kuingia kwenye kisanduku cha sentimita moja. Aliwafundisha siku mbili. Kaya, aliwaambia, ni watu wanaokula chungu kimoja na kulala chini ya paa moja. Fadhila akainua mkono, akasema kwamba kwao wanalala avenyu ya kumi na tatu lakini wanakula kwa bibi yao avenyu ya saba, na kaka yake analala kwa bibi lakini anakula avenyu ya kumi na tatu. Marcellin akafikiri kidogo. Kisha akamwambia kwamba kwao ni mfano mbaya.

Jumatatu ya kwanza alipewa avenyu ya tisa, na katika avenyu ya tisa parseli ya Bibi Assia: kiwanja kimoja, lango moja, ua katikati, na vyumba saba vilivyouzunguka. Bibi Assia ni mjane wa siku nyingi. Hukaa langoni na cherehani yake kutoka asubuhi hadi magharibi, na hakuna paka anayepita pale bila yeye kujua anakwenda kwa nani.

Kabla Fadhila hajafika, uvumi ulikuwa umeshafika. Mtu alikuwa amesema kwamba watakaoandikwa watapewa vyandarua, kimoja kwa kila watu wawili. Kwa hiyo Bibi Assia alimpokea kwa heshima zote, akamtajia majina bila kusita, chumba baada ya chumba. Katika chumba cha tatu kulikuwa na watoto wanane. Fadhila alipoomba kuwaona walitoka kwa mstari, wanane kweli, mmoja akiwa na yunifomu ya shule ambayo hakuna mtoto wa avenyu ya tisa anayesoma. Akawauliza mama yao ni nani. Wanne wakamwonyesha mwanamke mmoja, watatu wakamwonyesha mwingine, na wa nane akaanza kulia, akasema anataka kurudi kwao. Fadhila akaandika wote. Fishi haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtoto analia. Jumla: watu arobaini na mmoja.

Marcellin aliipenda sana fishi ile. Watu arobaini na mmoja katika vyumba saba lilikuwa jambo la kuandikia ripoti. Lakini alikuwa mtu makini, akaagiza Fadhila arudi Alhamisi kuhakikisha.

Kati ya Jumatatu na Alhamisi uvumi uligeuka. Sasa ilisemwa kwamba penye watu wengi watapunguzwa, waliozidi wapelekwe kukaa huko milimani, mbali na msikiti na mbali na soko. Fadhila alipofika alikuta ua mtupu, kamba za nguo zimeanuliwa, na Bibi Assia peke yake langoni anashona. Alitajiwa watu sita. Odette, msusi kutoka Uvira, ambaye Jumatatu alikuwa mpangaji wa chumba cha tano pamoja na wadogo zake wawili, sasa alikuwa mteja tu aliyeleta kitambaa. Vyumba vinne vilikuwa stoo. Fadhila akaangalia chumba cha saba, chenye pazia la maua, akauliza mule muko nani.

"Mule? Apana mutu," Bibi Assia akasema. "Ni cherehani ya zamani tu."

Nyuma ya pazia cherehani ya zamani ikakohoa, ikatafuta pumzi, ikakohoa tena.

"Iko na vumbi," Bibi Assia akasema, na akaendelea kushona.

Marcellin aliziweka fishi mbili kando kando mezani na kuziangalia kwa muda. Akamwuliza Fadhila kama anajua walikokwenda watu thelathini na watano kwa siku tatu. Halafu akamwuliza, kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma, kama labda alijaza karatasi hizo akiwa amekaa kwao. Alimpa mpaka Jumatatu. Asipoleta idadi moja ya kweli, avenyu ya tisa atapewa mwingine.

Jioni ile alikuja garaji, akakaa juu ya tairi akalia kidogo, akajifuta kwa kitambaa changu cha grisi kabla sijaweza kumzuia. Baba yake alikuwa ameinamia injini ya teksi moja. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"We uliwauliza," akamwambia. "Gari mi siiulizagi. Mwenye gari atakudanganya mpaka kesho, breki, breki, kumbe ni giya. Mi nawasha, nanyamaza, nasikiliza."

Ile teksi, niseme ukweli, shida yake ilikuwa breki. Lakini maneno yalikuwa mazuri, na Fadhila aliyachukua.

Siku ya pili yake, Ijumaa, watu walipotoka msikitini alirudi kwa Bibi Assia bila fishi, bila kalamu, hata bila mkoba. Alisema amekuja kusalimia tu. Bibi Assia alimwangalia kama mtu anavyoangalia noti iliyochanika, akamwonyesha kigoda, kisha akamwekea sinia la maharage mapajani ayachambue, kwa sababu pale kwake mutu haikae bure. Fadhila akachambua. Nusu saa ya kwanza ua ulikuwa kimya. Halafu mlango wa stoo moja ukafunguka, akatoka mwanamke na beseni la nguo. Stoo ya pili ikatoa vijana wawili wakibishana juu ya simu. Odette akaweka kiti chake katikati ya ua, akamkalisha mteja na kuanza kumsuka. Hakuna aliyemjali Fadhila. Msichana anayechambua maharage haogopwi na mtu.

Mbele ya chumba cha saba, juu ya kigoda, kulikuwa na kikombe cha chai kilichofunikwa kisosi. Alasiri ikapita. Bibi Assia akaangalia kikombe, akaangalia lango, akaangalia kikombe tena, na cherehani ikasimama.

"Mzee Atumani iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Mzee Atumani, ambaye Fadhila hakumjua ila kwa kikohozi chake nyuma ya pazia, hakosi kurudi baada ya alasiri kunywa chai yake. Sasa miaka yake ilikuwa imekaribia themanini na miguu yake ilikuwa na mawazo yake yenyewe. Ua mzima ukasimama. Mwenye beseni akaliacha, vijana wakaacha simu yao, na wa kwanza kutoka langoni alikuwa Odette, aliyeshika msuko mmoja wa mteja wake bila kukumbuka kuuachia, hivyo mteja naye akatoka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

Fadhila alibaki na sinia lake akiangalia watu wanavyotoka. Alikuwa anawahesabu kabla hajajua kwamba anawahesabu. Ndipo akaona kuna mwanamke mmoja, na watoto watatu, ambao hawakuondoka. Walikuwa wamekaa kivulini wanakula karanga. Akamwuliza mbona yeye hatafuti.

"Mi siko wa hapa," mwanamke akamjibu bila haya. "Mi wa avenyu ya kumi na moja. Nilikuja Jumatatu sababu ya vyandarua, nikaona hapa kuna kahewa kazuri."

Fadhila akaweka maharage chini, akakimbia kuwafuata wenzake.

Mimi wakati huo nilikuwa chini ya gari, na kutoka chini ya gari dunia ni miguu tu. Niliona miguu inaingia garaji. Niliona ndala, ndala nyingi, nikafikiri ni mkutano, kisha nikaona viatu vya kike vya kisigino, vya yule mteja, ambaye alikuwa analalamika kwamba anaumia kichwa. Nilipojitoa niliwakuta wamejaa kati ya magari wakimwita Mzee Atumani. Uthmani akaweka kidole mdomoni, akawaongoza nyuma, kwenye Corolla moja isiyo na magurudumu iliyokaa juu ya matofali mwaka wa pili. Mzee Atumani alikuwa kiti cha nyuma, kofia yake kifuani, amelala usingizi wa mtu asiye na deni.

Uthmani alieleza kwamba hulala pale kila Ijumaa akitoka msikitini, kama saa moja hivi, kwa sababu kwao kuna makelele. Leo alikuwa amepitiliza tu. Bibi Assia akagonga kioo. Mzee akafumbua macho, akaona nyuso zimelizunguka gari pande zote, zote zinamwangalia, na wengine wana machozi.

"Nimekufa?" akauliza.

"Bado," Bibi Assia akamwambia. "Chai imepoa."

Wakati wakirudi naye pole pole, Fadhila akanyofoa ubavu wa katoni ya vipuri vyangu, akaazima penseli ya baba yake na kuwafuata. Alimwuliza Bibi Assia kama Mzee Atumani ni shemeji yake. Apana. Mjomba? Apana. Alikuja kupanga wiki moja tu, mwaka ule ambao yeye Bibi Assia aliolewa, akingoja gari la kwenda Rumonge. Gari lilikuwa limechelewa. Hapikiwi chungu kimoja na mtu yeyote, anakula leo hapa kesho pale, na kwa kisanduku cha Marcellin yeye ni kaya ya mtu mmoja.

Walipofika uani Fadhila akawauliza wote swali moja, swali ambalo halikuwa kwenye fishi. Mutu gani wa hapa, asiporudi nyumbani, mutaenda kumutafuta?

Hilo walilijibu. Walilijibu wote kwa pamoja mpaka ikabidi awapange. Odette alitajwa na vyumba vyote. Mzee Atumani alitajwa na vyumba vyote, na yeye mwenyewe akawataja watu kumi na tisa, mmoja akiwa amekwisha fariki. Yule mama wa avenyu ya kumi na moja hakutajwa, akasema ni haki. Mwishoni akabaki Gaël, kijana mwanafunzi wa chumba cha mwisho karibu na choo, amesimama na ndoo yake, anasikiliza majina yanapita na lake halipiti. Bibi Assia akamwangalia.

"We tungekutafuta," akasema. "Lakini tungeanza kesho yake, saa ine ya asubuhi, sababu we haunaga saa ya kurudi."

Gaël akauliza kama hiyo inaandikwa. Fadhila akasema inaandikwa. Walikuwa ishirini na wawili.

Jumatatu Marcellin alikabidhiwa ubavu wa katoni wenye harufu ya grisi. Aliusoma pande zote mbili, pamoja na maandishi ya kiwanda. Alisema idadi inaonekana ya kweli, lakini lile swali si swali la anketi: halina kisanduku, halina mfano katika kitabu chochote alichosoma, na kutafutwa si kipimo. Hata hivyo akalichukua kwenda nalo nyumbani. Kesho yake alikuja ofisini, akakaa muda mrefu bila kufungua kifuniko cha kalamu yake. Baadaye ndipo dereva wa ofisi yao, ambaye huleta gari kwetu, alitueleza. Marcellin alikuwa amelijaribu swali nyumbani kwake, mezani wakati wa chakula. Watoto walitajana wao kwa wao, wakamtaja mama, wakamtaja mbwa. Alipouliza juu yake mwenyewe, mke wake alifikiri kwa uaminifu kabisa, akamjibu kwamba wangengoja mpaka Jumapili.

"Liweke," alimwambia Fadhila. "Namba kumi na mbili. Lakini punguza maneno, yaenee mstari mmoja." Na tangu wiki ile alianza kutoka ofisini saa kumi na moja kamili.

Hivyo ndivyo Fadhila alivyoingia kwenye kazi hii asitoke. Mwaka uliofuata aliandika memwari yake, lile andiko la kumalizia chuo, juu ya parseli za Buyenzi na watu wasio ndugu wanaoishi ndani yake kama ndugu. Siku ya kuitetea mbele ya walimu, avenyu ya tisa ilikodi basi dogo. Bibi Assia alikaa mstari wa mbele na kanga yake mpya. Fadhila alipoonyesha ramani ya ua ukutani, bibi alisimama akasema choo kimewekwa upande wa Gélase jirani, na Gélase akiona picha hiyo atadai ni chake. Ikabidi choo kihamishwe kwa kalamu papo hapo. Mwalimu mmoja akamwuliza Fadhila atahakikishaje kwamba watu hawa hawakumdanganya. Kabla hajafungua mdomo, Bibi Assia alikuwa amesimama tena.

"Mi ndiye nilimudanganya," akasema. "Mara mbili. Ya tatu ndiyo ya kweli, andikeni."

Fadhila alipata alama nzuri. Baba yake, aliyekuwa nyuma kabisa na suti ya harusi yake, aliniuliza kwa kunong'ona magari yako wapi. Nikamwambia haya ndiyo magari, nikamwonyesha Bibi Assia na wenzake. Aliwatazama mmoja mmoja, akasema yatahitaji matengenezo mengi.

Siku hizi Fadhila ana ofisi ya chumba kimoja Nyakabiga, juu ya duka la ndoo na mabeseni, na mtaa ukitaka kupanuliwa barabara au kujengewa choo cha pamoja, yeye ndiye anayetumwa kujua ni nani hasa anaishi pale. Huenda kwanza bila karatasi. Amechambua maharage, amemenya ndizi, na mara moja alishikishwa mtoto mchanga masaa mawili na mama ambaye kumbe alikuwa na safari zake.

Mwezi uliopita nilimpeleka Bwiza kwa gari nililokuwa najaribu breki zake. Ilikuwa parseli ya mwanamke aitwaye Chanelle, mwenye baa ndogo mbele na vyumba vitano nyuma. Katika chumba cha nne alikaa Birindwa, fundi viatu kutoka Bukavu, mtu mzima, mkavu, ambaye alijibu kila swali kwa neno moja. Vyumba? Kimoja. Madirisha? Nusu. Walipofika namba kumi na mbili, lile swali la kutafutwa, alisita. Akasema andika hakuna. Yeye ni mutu wa kupita, akipotea leo hapa hakuna wa kuinuka kwenye kiti.

Chanelle alikuwa dirishani kwake anakausha glasi. Hakugeuka.

"Muongo huyo," akasema. "Muulize siku ya Jumanne nilimutafuta wapi. Nilienda mpaka hospitali, nilienda mpaka kwa polisi, na ndala moja imekatika njiani. Kumbe iko kwa kasisi wake anashona viatu."

Birindwa akaangalia viatu vyake. Glasi mbili zikakaushwa. Halafu akamwomba Fadhila, kama haisumbui, amusomee lile swali tena tangu mwanzo.